Kura Mia na Kumi na Mbili

"Nipeni huo mhuri," nilimwambia jaji. "Nipeni na karatasi, niwaonyeshe. Maneno yamekuwa mengi mno humu ndani."

Watu walicheka. Hata jaji mwenyewe, mwanamke mwembamba aliyening'iniza miwani kifuani, alitabasamu kidogo. Ni shemeji yangu tu ambaye hakucheka. Alikuwa amekaa benchi la mbele, mikono katikati ya magoti, akaniinulia macho na kutikisa kichwa, polepole, mara mbili. Nilidhani ananiambia nisijisumbue na watu wale. Shemeji alikuwa mtu wa haya. Nikamkonyeza.

Miaka kumi na sita imepita, na nikikumbuka nilivyomkonyeza natamani ardhi ipasuke inimeze.

Mimi nilikuwa mtu wa posta, dirisha la pili kutoka mlangoni, na kwa miaka ishirini na sita kazi yangu ilikuwa kugonga mhuri. Msinicheke. Watu hudhani kazi hiyo inafanywa na mkono wa kulia kwa sababu ndio unaopiga kelele. Kazi yenyewe iko mkono wa kushoto. Huo ndio unaolisha. Unachukua bahasha kwenye rundo, unaisogeza chini ya mhuri, na ikija kifudifudi unaigeuza ili stempu ikae juu, pembeni kulia, pale mhuri unapotakiwa kuangukia. Mwanzoni unafikiri. Baada ya mwaka mmoja hufikiri tena. Vidole vikigusa upande mtupu, vinageuza vyenyewe. Niliweza kumaliza barua mia nne huku nikigombana na mtu dirishani juu ya kifurushi chake kilichochelewa, na hakuna hata moja iliyokwenda vibaya. Wenzangu waliniita Mashine. Jina hilo nililipenda, nisiseme uongo.

Shemeji alikuwa mwalimu mkuu, mume wa mdogo wangu. Mwaka ule wa uchaguzi alipewa usimamizi wa kituo cha kupigia kura, darasani kwake mwenyewe, akaruhusiwa kupendekeza makarani. Akanipendekeza mimi. "Nataka mtu asiyetetereka," alimwambia mke wake, na mdogo wangu akaja kunieleza huku akicheka, kwa sababu mtu aliyekuwa akitetereka nyumba nzima ile ni shemeji.

Sheria ilikuwa wazi. Kila karatasi ya kura igongwe mhuri nyuma kabla ya kukabidhiwa mpiga kura, na mhuri usitoke mkononi mwa msimamizi. Kiti kile cha ubunge kiligombewa na watu wawili: wa kwanza kwenye karatasi nembo yake ilikuwa ndoo, wa pili kengele. Kisanduku cha kuweka alama kilikuwa upande wa kulia wa kila picha. Kwa hiyo kisanduku cha Ndoo kilikuwa juu kabisa, pembeni kulia.

Asubuhi ile foleni ilikuwa imefika langoni kabla jua halijachomoza vizuri. Shemeji akaanza kugonga. Jamani! Anagonga, anapuliza wino, anainua karatasi kwenye mwanga kuhakikisha, ndipo anaitoa. Watu wanne walichukua robo saa. Nje wakaanza kupiga kelele, mzee mmoja mwenye mkongojo akauliza kama tunasubiri wafe ili tupunguze hesabu.

"Shemeji, lete hapa," nilimwambia.

Akatazama mlangoni, akatazama mawakala wa vyama waliokaa ukutani, akanisukumia mhuri na pedi ya wino. Muuguzi aliyekuwa karani mwenzangu akawa anachana karatasi kitabuni na kuniwekea mezani kifudifudi, upande mtupu juu, kama tulivyofundishwa. Mimi nikagonga, nikakunja, nikatoa. Foleni ikaanza kutembea. Nilisikia watu wakisema, "Huyu mama anajua kazi," nikanyoosha mgongo.

Saa saba mchana miguu ilikuwa imevimba. Shemeji akaniambia nikapumzike, foleni imepungua, ataendelea mwenyewe. Nikaenda nyumbani, nikaloweka miguu kwenye beseni, nikalala usingizi wa mtu aliyelitumikia taifa lake.

Nilipoamka kesho yake alfajiri, mambo yalikuwa yameshaharibika.

Ndoo ameshinda kwa kura thelathini na moja. Kwenye kituo chetu peke yake, kura mia na kumi na mbili zimetajwa kuwa zimeharibika, na zote, kila moja, mpiga kura alikuwa ameweka alama kwa Kengele. Ila kisanduku cha Ndoo nacho kilikuwa na doa jeusi. Kwa mujibu wa kitabu cha maelekezo, karatasi yenye alama mbili haihesabiwi. Zile zilizokuwa na doa hilohilo lakini zimepigiwa Ndoo zilihesabiwa, maana alama zote mbili ziliangukia kwake. Shemeji aliandika kwenye fomu, akasaini, magunia yakafungwa kwa lakiri, yakaondoka.

Mtaani habari ikawa moto. Hawa wanasema karatasi zililetwa na gari jeusi zikiwa zimeshapigiwa Ndoo. Wale wanasema Kengele amezidiwa, anatafuta pa kujishikia. Kila mtu alikuwa na binamu aliyeona kwa macho yake. Mtu aliyeona kweli alikuwa mmoja, na yeye alisema jambo dogo tu ambalo halikumfurahisha yeyote: "Mama wa posta alikuwa anagonga upande wa mbele."

Mtu huyo alikuwa Fundi. Alishona viatu kwenye baraza ya posta, hatua kumi kutoka dirisha langu, miaka kumi na moja. Siku ya uchaguzi alikuwa wakala wa Kengele, amekaa ukutani na shati lake la mikono mirefu, kimya. Nilimjua vizuri. Nilimpa chai, alinishonea mikoba bure. Na sasa ananipaka matope!

Mimi nina mdomo, sikatai. Nilimpa vidonge vyake palepale barazani mbele ya wateja wake. Nikamuuliza: doa ni jeusi, siyo? Nani kati yetu anaamka na kulala na rangi nyeusi vidoleni? Nani alibaki chumbani wakati wa kuhesabu, wakati mimi nimelala kwangu? Mwenyewe sikuwa nimeziona hizo karatasi, hata moja. Lakini neno lilinitoka likiwa tamu, watu wakalipokea, na kufikia jioni mji mzima ulikuwa unajua kwamba fundi viatu amezichafua kura kwa rangi ya viatu ili apate cha kulalamikia.

Fundi alinitazama tu. Alikuwa na uzi mdomoni. Aliutoa, akasema, "Sawa, dada," akaendelea kushona.

Wiki iliyofuata nilimwandikia meneja wangu barua. Nikasema mtu yule anachafua jina la ofisi na hafai kukaa kwenye baraza yetu. Meneja akakubali. Fundi akakusanya kigoda chake, sanduku lake na viatu vya watu, akaenda zake. Nilimtazama kupitia nondo za dirisha na nikaona nimetenda haki.

Kengele akafungua kesi kupinga matokeo. Madai yalikuwa mazito: kwamba msimamizi wa kituo alikula njama kuharibu kura. Yakithibitika, shemeji anakwenda jela. Mdogo wangu alikuja kwangu na watoto wake watatu, uso umemvimba kwa kulia. Walikuwa wanaishi nyumba ya shule. Kazi ikiondoka, nyumba nayo inaondoka.

"Dada, wewe ndiye uliyeshika mhuri," aliniambia. "Wewe ndiye utakayemtoa."

"Nyamaza," nilimwambia. "Mimi na Fundi tutaonana mbele ya jaji."

Nikaapa kwa maandishi kwamba kila karatasi iliyopita mikononi mwangu niliigonga nyuma. Shemeji alinipa kalamu ya kusaini. Hakusema kitu, nami sikushangaa, maana hakuwa msemaji.

Mahakama ilikaa kwenye ukumbi wa halmashauri, viti vya plastiki vimepangwa mpaka mlangoni, feni moja inazunguka na ya pili imekufa. Fundi alitoa ushahidi wake kwa maneno machache. Wakili wetu alimkalia kooni kuhusu rangi ya viatu mpaka watu wakacheka. Alipoulizwa kama ana la kuongeza, alifungua mdomo, akanitazama, akaufunga. Nikasema moyoni, ameishiwa.

Ndipo zamu yangu ikafika, na ndipo nikaomba mhuri.

Karani wa mahakama aliniletea mhuri uleule uliotumika, na karatasi kumi za mfano ambazo tume ya uchaguzi ilikuwa imeziwasilisha. Aliziweka mezani kifudifudi, upande mtupu juu. Nakumbuka nilivyovuta mkono wa gauni langu juu kidogo. Nakumbuka nilimgeukia jaji, nikamtazama usoni, kwa sababu nilitaka aone mtu asiye na cha kuficha.

"Mheshimiwa Jaji," nilisema, na mikono ikaanza kazi. "Mimi nimegonga mihuri kabla baadhi ya mawakili hawa hawajaota ndevu. Barua za wakubwa zimepita hapa, barua za wafungwa zimepita hapa. Sijawahi hata siku moja kurudishiwa barua kwa sababu ya mhuri. Leo niambiwe sijui mbele na nyuma ya karatasi?"

Kicheko kilianza upande wa kushoto wa ukumbi, kisha kikakatika. Nilidhani wamenogewa na maneno yangu. Nikagonga ya mwisho, nikaweka mhuri chini kwa kishindo.

Feni ile nzima ilikuwa inasikika.

Wakili wetu alikuwa ameweka kiganja juu ya paji la uso. Shemeji alikuwa amefumba macho. Jaji alivaa miwani yake, akainama mbele.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini sana, "hebu tazama ulichofanya."

Nikatazama. Picha mbili zilikuwa zinanitazama, ndoo na kengele. Na juu, pembeni kulia, ndani ya kisanduku cha Ndoo, mhuri, mweusi, mbichi, umeinama kidogo kushoto kama unavyoinama mhuri wangu siku zote. Nikasogeza ile ya juu. Ya pili vilevile. Ya tatu vilevile. Zote kumi.

"Nani amezigeuza?" nilisema.

Mnajua, niliuliza kweli. Nilimtazama karani wa mahakama, kijana wa watu ambaye hakuwa amesogea alipo, nikataka kumshitaki palepale. Akili ilikuwa inatafuta mtu. Kwa muda huo mfupi nilikuwa tayari kumsingizia yeyote aliyekuwa na mikono.

Jaji aliagiza niletewe karatasi nyingine. "Safari hii usinitazame mimi," alisema. "Tazama mikono yako. Polepole."

Wakaniwekea moja, kifudifudi. Mkono wa kulia nikauinua na mhuri. Nikauona mkono wangu wa kushoto ukienda. Vidole vikagusa ule upande mtupu, vikaingia chini ya ukingo, vikaanza kuinua. Sikuviambia. Wallahi sikuviambia. Niliangusha mhuri, nikaudaka mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, nikaubana mezani, karatasi ikabaki imesimama nusu katikati ya vidole vyangu. Nimewahi kufiwa, nimewahi kuunguliwa jiko, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyouogopa mkono wangu mwenyewe mchana ule.

Magunia yakafunguliwa mbele ya kila mtu. Kura mia na kumi na mbili zikapangwa kwenye meza ndefu, na jaji akaniita nizipitie pamoja naye. Halikuwa doa la rangi ya viatu. Ulikuwa mhuri, umetapakaa kidogo pale karatasi ilipokunjwa. Umeinama kushoto, umeinama kushoto, umeinama kushoto. Nilifika kama ya arobaini nikaomba kiti.

"Ni wangu," nilisema. "Hakuna aliyenituma. Ni mimi."

Kiti hicho nilichoomba, aliyeniletea ni Fundi.

Tulipopewa mapumziko nilimkuta shemeji kwenye korido nyembamba karibu na vyoo, ameegemea ukuta.

"Uliziona jioni ile wakati wa kuhesabu?" nilimuuliza.

"Niliziona."

"Ukajua ni mimi?"

"Nilijua, shemeji."

"Na ukanipa kalamu nikaape!"

"Mhuri nilikupa mimi," alisema. "Ningesema ni wewe, wangeuliza ulifikaje mkononi mwako. Nina watoto watatu. Nilidhani itaishia kwenye maneno tu."

Nilitaka kumzaba kofi, mtu mzima na heshima yangu. Niliuinua mkono, nikauona kuwa ni ule wa kushoto, nikaurudisha chini.

Jaji aliandika kwamba hapakuwa na njama. Palikuwa na uzembe. Matokeo yakafutwa, uchaguzi ukaamriwa urudiwe. Shemeji hakufungwa, ila alivuliwa ualimu mkuu na kuhamishiwa shule ya mbali kama mwalimu wa kawaida. Mimi nilisamehewa kile kiapo cha uongo kwa sababu niliukubali ukweli mbele ya mahakama, nikapigwa marufuku kugusa kazi ya uchaguzi maisha yangu yote. Posta wakanihamishia chumba cha vifurushi, kwenye mizani. Wenzangu hawakuniita Mashine tena, na sikuwauliza kwa nini. Pande zote mbili mtaani hazikuridhika. Walionilaumu mwanzo walisema nimehongwa nijifanye mjinga. Walionitetea walisema nimehongwa nikiri. Gari jeusi nasikia bado linasimuliwa.

Fundi nilimfuata baada ya mwezi. Ilinichukua mwezi mzima, sitaki kujipamba. Alikuwa amepata sehemu kando ya ukuta wa duka la mbao, hakuna paa, jua linampiga utosini na vumbi la msumeno linamdondokea begani. Wateja wake wengi hawakujua aliko.

"Karibu, dada," alisema, akanisogezea kigoda chake, akakaa juu ya sanduku.

Sikukaa. Nilisema niliyokuja kusema. Nilisema nilimwita mwongo, nikamwita mchafuzi, nikamharibia riziki, na kwamba nimeshaongea na meneja, baraza ni yake akitaka hata kesho. Nililia pia, mbele ya wapasua mbao. Yeye alikuwa anapaka gundi kwenye soli, akainama mpaka nikamaliza.

"Baraza siitaki," alisema. "Hapa nimezoea."

"Nisamehe basi, Fundi."

"Nilishakusamehe palepale. Watu hukosea." Akaibana soli kati ya magoti. "Ila siku ile ungenisikiliza tu, yasingefika huku."

"Siku gani?"

Akaniangalia kama mtu anayedhani anataniwa. "Siku ya kura. Si nilisimama nikaja mpaka mezani kwako? Nikainama, nikakwambia polepole, watu wasisikie: dada, unageuza karatasi. Ukacheka. Ukaniambia, Fundi, wewe kashone viatu."

Nikakikalia kile kigoda bila kutaka.

"Zilikuwa zimeshatoka ngapi?" nilimuuliza.

"Hazijafika ishirini."

"Na mbona hukuyasema haya mahakamani? Ulipoulizwa kama una la kuongeza?"

"Ningesema uliambiwa ukaendelea, wangesema ulikusudia. Ungeozea ndani." Alifuta gundi kidoleni kwa kitambaa. "Wakati ule ulikuwa unaniita mchafuzi wa kura mbele ya watu. Nilitaka kulisema, kusema kweli. Lilinifika mpaka hapa."

Asubuhi ile naikumbuka yote. Naukumbuka mkongojo wa yule mzee ulivyogonga sakafu. Nakumbuka mama mmoja aliyempakata mtoto na kuniomba nimshikie, kucha za yule muuguzi, chaki iliyosagwa chini ya meza, shemeji akifuta jasho kwa leso ya bluu. Namkumbuka Fundi mwenyewe ukutani, na shati lake. Nimekaa na asubuhi hiyo miaka kumi na sita, nimeipekua kama mtu anayetafuta cheti, na hajawahi kunijia mtu aliyeinama mezani kwangu akaninong'oneza. Sina sababu ya kudhani amedanganya. Sauti yake tu ndiyo sijawahi kuipata.

Siwezi kueleza kwa nini, lakini niliinama, nikavua kiatu changu cha mguu wa kulia, nikampa. Akakipokea. Akakigeuza mara mbili, akaivuta soli, akabonyeza kisigino kwa kidole gumba.

"Hiki ni kizima, dada," alisema, akanirudishia.